Kioo au Akriliki? Iulizeni Kwanza Boriti

Mwezi huu sina habari za nyumba ndogo wala za meseji iliyokutwa kwenye simu saa nane ya usiku. Nina barua ya bwana na bibi waliofunga ndoa mwaka jana. Wanaishi ghorofani, nyumba ya ukoo, Malindi pale Mji Mkongwe, na ni wiki ya tatu sasa hawasemezani vizuri kwa sababu ya samaki. Ndiyo, samaki. Na wala si samaki wa kupaka.

Kisa chenyewe ni hiki. Mume alikwenda Dubai kikazi, akaona matangi ya samaki ya huko, akarudi kichwa kimejaa maji. Anataka tangi la urefu wa sentimita 120, la akriliki, likae sebuleni wageni wakiingia waseme mashaallah. Mke naye anapenda samaki, lakini anataka tangi la kioo, dogo, litengenezwe na fundi wa hapa hapa Unguja. Mume anasema akriliki ni nyepesi, haipasuki, na kioo ni mambo ya kizamani. Mke anasema pesa ya akriliki ndiyo ile waliyokubaliana kununulia friji. Sasa chini ya sebule hiyo ndipo anapolala bibi yake mume, kizee cha miaka themanini na ushei. Barua imemalizika kwa mwandiko wa mke: "Dada, mimi sigombani na samaki. Mimi naogopa kilicho chini ya samaki."

Bibie, umenena. Lakini tumsikilize na bwana, maana hakukosea kila kitu.

Akriliki ni ile plastiki ngumu, angavu, ambayo watengeneza mabango ya maduka wanaitumia kila siku. Inapitisha mwanga kiasi cha asilimia 92, na haina ule ukijani unaouona ukitazama kioo cha kawaida kwa ubavuni. Ukijani ule unatokana na chuma kidogo kilichomo ndani ya kioo. Akriliki ina uzito usiofika nusu ya kioo cha unene ule ule. Mtoto akiupiga mpira ukagonga tangi, akriliki itastahimili kipigo ambacho kingemaliza kioo. Tena viungo vyake havishikiwi na gundi ya juu juu. Fundi anatia dawa inayoyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo bwana ana hoja.

Ila pale aliposema haipasuki, hapana. Kule Berlin, Ujerumani, kulikuwa na tangi la akriliki lililoitwa AquaDom, mviringo kama mnara ndani ya hoteli, lenye maji kama lita milioni moja na samaki wapatao 1,500. Tarehe 16 Desemba 2022, alfajiri watu wamelala, lilipasuka, maji yakatoka hadi barabarani. Bahati ilikuwa saa ile, ingekuwa mchana wa watu tungezungumza mengine. Akriliki ni ngumu kuvunja, lakini neno "haipasuki" mwachieni muuzaji.

Na tangi la pale Dubai Mall, ambalo nadhani ndilo lililomroga bwana wetu, lile dirisha lake la mbele la akriliki lina unene wa sentimita 75 hivi. Ndiyo, ni karibu mkono mzima wa mtu mzima. Linazuia maji ya lita milioni kumi. Kwa kazi ile kioo cha kawaida hakifai kabisa, ndiyo maana matangi makubwa ya maonyesho duniani yanatumia akriliki. Lakini sebule yako ya Malindi si Dubai Mall, baba.

Sasa tuje kwenye kilo. Hapa naomba mchukue kalamu nyote wawili, mkae kiti kimoja.

Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 linaingia maji lita 300. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 300. Likitengenezwa kwa kioo cha milimita 10, kioo chenyewe ni kama kilo 57. Likitengenezwa kwa akriliki ya unene huo huo, ni kama kilo 27. Tofauti ni kilo 30. Ongezeni mchanga, mawe na meza ya kuliwekea, tuseme kilo 70. Tangi la kioo lote kwa jumla ni kama kilo 427, la akriliki ni kama kilo 397.

Mmeona? Ule wepesi anaousifu bwana ni wepesi wa siku ya kulibeba kupandisha ngazi. Likishajazwa, wepesi umekwisha. Kilo 397 au 427, kwa boriti ni mzigo ule ule. Ni sawa na kuwaita watu sita wazima wasimame pamoja kwenye eneo dogo kuliko kitanda cha mtoto, wasiondoke usiku wala mchana, mwaka hadi mwaka.

Na boriti ndizo zenye neno la mwisho. Nyumba zetu za Mji Mkongwe kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zinabeba. Sakafu za juu ndizo zimelala juu ya boriti za mikoko zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe na chokaa. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Boriti nzuri ina nguvu ajabu. Adui yake ni unyevu, na huanza kuoza pale kichwa chake kinapoingia ukutani, mahali usipopaona. Chokaa inaifunika, rangi inapakwa juu, na wewe unaona sebule nzuri ya kupigia picha.

Kwa kulinganisha, nyumba za siku hizi wahandisi kwa kawaida huipigia sakafu ya chumba cha kuishi hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Hilo tangi la bwana linakanyaga zaidi ya kilo 600 kwa mita ya mraba pale lilipokaa. Sisemi sakafu itaanguka kesho. Sakafu hugawana mzigo, na nyumba nyingi za mji zimebeba makabati ya msaji na magunia ya karafuu tangu enzi za masultani. Nasema nyumba ya kale haina karatasi ya kukuonyesha ina nguvu kiasi gani leo. Sote tunakumbuka Disemba 25, 2020, upande wa Beit al Ajaib, jumba la 1883, ulivyoporomoka na watu wawili wakafariki. Jumba lile halikuangushwa na samaki, lakini toka siku ile mimi nikiona ufa kwenye chokaa sicheki nao.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza, na wote wawili mtanuna kidogo: hapo ghorofani msiweke tangi la lita 300, la kioo wala la akriliki. Mnalitaka kubwa, literemsheni chini, kwenye sakafu iliyokaa juu ya ardhi, kule ukumbini au uani penye kivuli. Na kama mnalitaka juu, basi tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Hilo linaingia lita 63. Kwa kioo cha milimita 6, tangi tupu ni kilo 12 tu, mwanamke analibeba mwenyewe. Likijaa na mchanga wake halifiki kilo 100, sawa na mgeni mnene aliyekuja kula biriani. Liwekeni limeegemea ukuta, si katikati ya chumba, na urefu wake ukate boriti kadhaa, usilale juu ya boriti moja. Kujua boriti zinaelekea wapi, tazameni dari ya chumba cha bibi. Na muulizeni mwenyewe. Wazee hawa wanakumbuka boriti ipi ilibadilishwa mwaka gani na nani alilipa. Mkitaka uhakika zaidi, iteni fundi wa nyumba za kale agonge na kupekua, na kama kuna kubadilisha chochote, iko Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Sasa, kwa tangi dogo kama hilo, kioo au akriliki? Mimi ni kioo, bila kusita. Sababu ya kwanza iko jikoni kwenu: nani atalisafisha? Barua haikusema, na nyumba nyingi nilizoziona, mume hununua samaki na mke huwalea. Ukoga unaota haraka sana kwenye joto letu. Kwenye kioo unapitisha wembe, unatoka, umemaliza. Kwenye akriliki chembe moja ya mchanga iliyonasa kwenye sponji inaacha mchirizi. Dada wa kazi akija na waya wa kusugulia sufuria, kwisha habari. Dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia, au spiriti, inaweza kuitia akriliki nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Mikwaruzo ya akriliki inaweza kupigwa msasa laini ikatoka, hilo kweli, lakini niambieni nani kati yenu atakaa Jumapili kupiga msasa.

Sababu ya pili, vitabu vya nchi za baridi vinaisifu akriliki kwa kutunza joto. Ulaya, sawa, umeme wa kupasha maji ni ghali. Sisi hapa wakati wa kaskazi tunatafuta namna ya kupoza maji, si kuyapasha! Sifa hiyo kwetu haina kazi.

Ya tatu ni pesa. Fundi vioo wapo tele, kuanzia mjini hadi Mwanakwerekwe, na kioo kimoja kikivunjika kinabadilishwa. Ila kaeni naye fundi macho yenu wazi. Silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu inaua samaki. Itakiwayo ni ile tupu, isiyo na dawa, ambayo ikiwa mbichi mara nyingi inanuka kama siki. Aisafishe kingo, aunge, aliache likauke siku kadhaa mpaka harufu iishe. Halafu lijazeni uani kwanza, si sebuleni, mlitazame siku mbili tatu kama linavuja. Chini yake wekeni kipande cha sponji nyembamba, kwa sababu meza zetu hazijanyooka na kioo hakipendi kukalia kijiwe.

Akriliki nitaikubali wapi? Kwa wapangaji wanaohama kila mwaka, maana gari la mizigo na kioo haviivani. Na nyumba yenye wavulana watatu na mpira mmoja. Hao wachukue akriliki, wailaze juu ya ubao ulionyooka wote kwa wote, na waifiche sifongo.

Friji mnunue. Kitakachobaki, kinunulieni pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Wa Unguja hatuhitaji kusimuliwa: mwaka 2008 tulikaa kama mwezi gizani, na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa miezi mitatu, umeme wa kutoka bara umekatika. Siku hizi hali si ile, lakini samaki akikosa hewa hasubiri miezi mitatu. Samaki wachache kwenye maji mengi ndiyo bima nyingine, kwa hiyo wapunguzeni.

Na samaki wenyewe? Bwana anataka vitatange wa baharini na matumbawe. Aache. Maji ya chumvi yana kazi nyingi, yakimwagika ni sumu kwa chokaa na boriti, na matumbawe yana mahali pake. Kisiwa cha Chumbe kimehifadhiwa tangu 1994 na mnaweza kwenda kuwatazama pale mkiwa wawili, huo ni mtoko mzuri kuliko tangi. Nyumbani fugeni sikilidi wadogo wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Ni Watanzania wenzetu, warembo, wanatosha kwenye tangi dogo, na wanapenda maji magumu yenye chokaa. Sisi kisiwa chetu ni jiwe la chokaa, maji ya kisima yanatoka humo humo. Yapimeni tu chumvi kwanza, maana visima vya karibu na pwani huingiliwa na bahari, na ya bomba yaacheni kwenye ndoo siku moja klorini iruke.

Kuhusu zamu ya kusafisha, andikeni kwenye karatasi, mbandike kwenye friji mpya. Bwana aanze yeye wiki ya kwanza.

Mwezi ujao nina barua ya dada wa Fuoni ambaye mchumba wake amehamia Muscat na sasa anapiga simu mara moja kwa wiki. Dada, barua nimeipata, vuta subira.