Eti Tumezidi

Sisi wa Kiruruma tumechoka kuambiwa tumezidi. Kila semina ni yaleyale: mtaalamu anashuka garini, anabandika mchoro wake ukutani, uzazi ukipanda, pato la kila mtu linashuka. Kwani nani hajui hesabu hiyo? Sensa ya 1967 iliwakuta Watanzania milioni 12.3, ya 2022 ikawakuta milioni 61.7. Kagera yetu tu ilikuwa na watu milioni 2.46 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye ikakaribia milioni 3.

Hesabu hiyo tunaiona kibanjani. Babu alikuwa na migomba, kahawa katikati yake, maharage chini, na rweya ya kulisha ng'ombe na kukata nyasi za kutandaza shambani. Wanawe wakagawana, nao wakawagawia wa kwao. Leo ndugu wa tumbo moja wanafikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji kisa mgomba umeangukia upande wa pili. Rweya imelimwa, ng'ombe wamekwisha, samadi hakuna. Juu ya hapo mnyauko wa migomba: unang'oa shina zima, unafukia, unakaa na njaa yako.

Wataalamu wanatutajia Korea Kusini. Sawa, walipunguza uzazi, lakini vijana wao walikuta viwanda vinawasubiri. Wa kwetu anamaliza kidato cha nne (ada imefutwa tangu 2016, tunashukuru), anarudi kuendesha bodaboda ya mtu, na jioni lazima apeleke hesabu, abiria wawepo wasiwepo. Hata kahawa inatoka hapa na maganda yake. Kuikaanga na kuifunga kwenye pakiti, ndiko kwenye kazi zenyewe, kunafanywa na watu wengine. Minada imepandisha bei, hatukatai. Ila mwenye mgonjwa hangoji mnada, anauza butura kahawa ikiwa bado maua, na msimu ukifika anavuna mali ya mwenzake. Huyo mwenye mgonjwa akipunguza watoto, deni lake la butura litapungua?

Halafu wakubwa wenyewe hawaelewani. Mwaka 2018 Rais wa wakati huo alisema hadharani watu waache uzazi wa mpango, wazae. Sasa tunaambiwa tupange. Haya, tumekubali kupanga. Mama anatembea hadi zahanati kufuata sindano ya miezi mitatu, anaambiwa zimeisha, aje Jumatatu. Hiyo Jumatatu hatujaiona mpaka leo, na mimba haina subira.