Kituo cha Kodi cha Mtaa: Kazi ya Kuanza Kabla ya Januari

Nafuu za kodi kwa familia zinazofanya kazi na kulea watoto nchini Marekani hazimfuati mtu nyumbani. Nafuu ya kipato cha kazi, inayojulikana kwa kifupi EITC, ilianzishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1975; nafuu ya mtoto ilifuata mwaka 1997. Zote mbili hupewa aliyejaza fomu ya kodi. Asiyejaza hapati kitu, hata kama kila senti ni haki yake. IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, hukadiria kwamba katika kila watu watano wanaostahili EITC, mmoja hivi haidai, na kati ya wanaoikosa mara nyingi wamo wasiojimudu kwa Kiingereza na mabibi na mababu wanaolea wajukuu. Maelezo hayo yanawagusa moja kwa moja wazungumzaji wa Kiswahili wa miji kama Louisville, Dayton, Des Moines, Houston na Portland ya Maine, wengi wao wenyeji wa mashariki ya Kongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Wito kwa jamii hizo ni mmoja: kila mji uwe na kituo cha kujaza kodi bure chenye watu wanaosema Kiswahili, na watu hao watoke ndani ya jamii yenyewe.

Hesabu ya familia moja inaonyesha kinachopotea. Mama anayelea peke yake watoto wawili wa chini ya miaka 17, anayesafisha vyumba vya hoteli au kukata nyama kiwandani, na aliyepata dola 20,000 mwaka 2025, hadaiwi kodi ya mapato ya shirikisho, kwa sababu mwenye kaya wa aina yake anasamehewa dola 23,625 za kwanza. Hapo ndipo watu humwambia hana haja ya kujaza fomu. Kisheria hawajakosea, lakini ushauri huo unamtia hasara kubwa. Akijaza, EITC yake ni dola 7,152. Nafuu ya watoto, ambayo tangu mwaka 2025 ni dola 2,200 kwa kila mtoto, hawezi kuipata yote kwa kipato hicho, ila sehemu inayolipwa hata kwa asiyedaiwa kodi inamfikia kwa dola 2,625. Jumla ni dola 9,777, karibu nusu ya mshahara wake wa mwaka, na bado hayajahesabiwa makato ya kodi ya mapato ya shirikisho aliyokatwa kazini, ambayo nayo hurudishwa. Zaidi ya majimbo 30 yana EITC yao ya kuongezea juu ya hiyo.

Wengine huziogopa fedha hizi kwa kudhani zitawaondolea msaada wa chakula au Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Hofu hiyo haina msingi. Sheria ya shirikisho inasema marejesho ya kodi si kipato katika mipango hiyo, na yakiwekwa akiba hayahesabiwi kuwa mali kwa miezi 12.

Viwango vyenyewe huamuliwa Washington, na historia yake ni ya kupanda na kushuka. Mwaka 2021, kwa mwaka huo mmoja tu, nafuu ya mtoto ilifikishwa dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka 6 na dola 3,000 kwa aliyemzidi umri, na kuanzia Julai nusu yake ikawa inaingia katika akaunti za wazazi mwezi hadi mwezi. Umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachojumlisha misaada ya serikali, ukashuka hadi asilimia 5.2. Mpango huo na misaada mingine ya wakati wa korona ilipokwisha, ukapanda mwaka 2022 hadi asilimia 12.4. Wakazi wa mtaa mmoja hawawezi kuvirudisha viwango vya 2021. Wanachoweza ni kuhakikisha kwamba kilichokwisha kupitishwa kinawafikia wenyewe, na hilo halihitaji kura ya mbunge yeyote.

Chombo cha kazi hiyo kipo tayari, na umri wake unazidi ule wa EITC. Ni VITA, mpango wa watu wa kujitolea unaosimamiwa na IRS. Familia zenye kipato cha chini au cha wastani hujaziwa fomu bila malipo katika maktaba, vyuo, makanisa na ofisi za mashirika ya kijamii. IRS hutoa programu ya kompyuta na mafunzo. Mji hutoa chumba na watu. Si lazima mtu awe mhasibu. Anayejaza fomu hufanya mtihani na kupata cheti kila mwaka, kwa kuwa kanuni hubadilika kila mwaka, na fomu aliyoijaza hukaguliwa na mwenzake mwenye cheti kabla mteja hajaweka sahihi. Wapo pia wapokeaji wageni, wakalimani na wapangaji wa zamu. Vituo vingi vina kompyuta za kutosha ila havina mkalimani hata mmoja wa Kiswahili, na matokeo yake ni mtoto wa darasa la sita kukaa katikati ya baba yake na mjazaji akitafsiri mambo ya mshahara. Hakuna mzazi anayependa hivyo.

Pasipo kituo, familia huenda kwa wajazaji wa kulipwa. Wengi wao ni waaminifu, lakini ada yao, ambayo mara nyingi hukatwa katika marejesho yenyewe, inaweza kumeza kodi ya nyumba ya wiki kadhaa. Wa kuepukwa kabisa ni yule anayekataa kuweka sahihi na namba yake ya IRS kwenye fomu, au anayedai asilimia ya marejesho. Mteja ndiye anayebeba lawama ya kilichoandikwa. Dai la uzembe humfungia mtu EITC kwa miaka miwili, na la udanganyifu kwa miaka kumi. Tovuti ya serikali iliyowawezesha watu kujijazia bure, iliyoanza majaribio katika majimbo 12 mwaka 2024, nayo ilisimamishwa kabla ya msimu wa 2026.

Mahali panapohitaji zaidi mtu wa jamii ni kwenye swali la nani ni mtoto wa nani. Sheria inamkubali mtoto wa kuzaa, wa kuasili, wa kambo, mjukuu, mdogo wake mtu, na hata mtoto wa kaka au dada. Binamu haimkubali, wala mtoto wa jirani aliyekulia hapo nyumbani kama mmoja wao. Mtoto awe ameishi na mdai nchini Marekani zaidi ya nusu ya mwaka, hivyo aliyebaki Nyarugusu hahesabiwi, hata kama hutumiwa fedha kila mwezi. Mtoto mmoja hadaiwi na watu wawili: shangazi na mama wanaoishi nyumba moja lazima wakubaliane mapema. Kuna pia suala la majina. Fomu lazima ifuate kadi ya Social Security herufi kwa herufi, na familia ambazo karatasi zao za safari ziligeuza mpangilio wa majina hukataliwa mara kwa mara kwa sababu hiyo tu. Mkalimani anayezijua koo na karatasi za kambini huliona tatizo hilo kwa kutazama mara moja. Mjazaji mgeni huweza kupoteza saa nzima.

Kazi, basi, huanza msimu wa vuli. Septemba na Oktoba, viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vya wenyeji wazungumze na shirika linaloendesha VITA katika mji wao. Kuingiza watu kumi katika kituo kilichopo ni rahisi kuliko kufungua kipya, na mara nyingi ni bora. Novemba na Desemba ni za masomo na mtihani. Januari matangazo hutolewa kwa Kiswahili baada ya ibada na sala ya Ijumaa, yakitaja vya kubeba: kadi za Social Security za wote nyumbani, kitambulisho chenye picha, fomu za mshahara za W-2 za kila mwajiri, fomu za 1099 kwa madereva na wafanyakazi wa kujitegemea, namba ya kodi ya mlezi wa watoto na namba za akaunti ya benki. Familia zielezwe pia kwamba marejesho yenye EITC hayatolewi kabla ya katikati ya Februari hata fomu ikiwahi, ili asiwepo wa kukopa kwa kuyategemea. Siku ya mwisho ni Aprili 15.

Baada ya tarehe hiyo kituo kisifungwe haraka. Marejesho hudaiwa kwa miaka mitatu tangu siku ya mwisho ya kujaza, hivyo fomu ya mwaka 2023 inaweza kupelekwa hadi Aprili 2027, na aliyejaza akasahau kudai nafuu ya mtoto anaweza kuirekebisha.