Disney Abu Dhabi: Nani Anabeba Gharama?

Mei 2025 Disney ilitangaza bustani yake ya kwanza ya burudani Mashariki ya Kati, kisiwani Yas, Abu Dhabi. Mtu angedhani wanapeleka mabilioni yao Ghuba. Sivyo. Miral, kampuni ya huko huko, ndiyo itakayogharamia, kujenga na kuendesha. Disney inatoa jina na ubunifu, kisha inapokea mrabaha. Hasara ikitokea, itamwangukia kwanza mwenyeji. Tokyo nako, tangu 1983, mwenye bustani ni kampuni ya Kijapani.

Bila shaka Yas ina mvuto wake: uwanja wa ndege uko jirani, na Ferrari World ipo tangu 2010. Sisi Unguja watalii tunao. Mwenye kubeba gharama ya namna hiyo hatuna, na sioni kwa nini ibebeshwe hazina ya umma.