Sheria na Nyumba: Msimamizi wa Baa Aliyeshikwa Amelewa

Wiki hii twaacha kando habari za malezi, kwa kuwa tumepokea barua ya mama mmoja, mke wa koplo, ambayo haikustahili kungoja. Mdogo wake wa kiume yuko Uingereza, naye ni msimamizi wa baa. Fedha anazotuma ndizo zinazowasomesha watoto wawili wa marehemu kaka yao. Usiku mmoja, akirudi arusini, alisimamishwa barabarani na polisi, akapuliza kipimo, na kileo kikaonekana kimepita kiasi. Sasa ameitwa mahakamani. Rafiki zake wamemwambia asitaje kamwe kwamba ana leseni ya kuuza pombe. "Je," auliza mama huyo, "kunyamaza kutamwokoa?"

La, mama. Kunyamaza ndiko kutakakomwongezea kosa la pili.

Katika Uingereza na Wales jambo hili hutawaliwa na Sheria ya Leseni ya mwaka 2003. Sheria hiyo hutoa leseni mbili zilizo mbalimbali: moja ni ya nyumba inamouzwa pombe, na ya pili ni ya mtu mwenyewe, ambayo hupewa na halmashauri ya mahali anapokaa. Ndani ya sheria hiyo limo jedwali la makosa yanayoweza kuigusa leseni ya mtu. Wengi hudhani humo mna wizi, madawa ya kulevya na silaha tu. Kuendesha gari hali umelewa kumo pia, sawasawa na hayo. Kipimo chenyewe, kwa sheria ya barabara ya mwaka 1988, ni miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, au maikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Mtu akipepesuka njiani na kupiga kelele za ulevi, aweza kushtakiwa, lakini kosa hilo halimo katika jedwali. Bali akilewa katika baa ya mwenziwe, akaambiwa atoke akakataa bila sababu ya haki, ametenda kosa chini ya Sheria ya Leseni yenyewe, na leseni yake imo hatarini. Hivyo mwuza pombe huweza kuponzwa na kiti cha baa isiyo yake!

Turudi kwa kijana wetu. Mwenye leseni aliyeshtakiwa kwa kosa la jedwali analazimika kuitoa leseni hiyo mahakamani, asichelewe kupita siku ya kufika kwake mara ya kwanza. Ikiwa hakuweza kuja nayo, lazima aseme kwamba anayo, ataje halmashauri iliyoitoa, na aeleze kwa nini hakuileta. Akificha bila udhuru wa haki, hutozwa faini. Tena akihukumiwa mahakama isijue habari ya leseni, hana budi kuiarifu halmashauri yeye mwenyewe mapema iwezekanavyo.

Wala asidhani kwamba hakimu akiisha kutamka basi mambo yamekwisha. Tangu Aprili 2017 halmashauri nayo ina uwezo wa kuisimamisha leseni kwa muda usiozidi miezi 6, au kuifuta kabisa. Kwanza humpa mwenyewe siku 28 za kujieleza kwa maandishi. Siku hizo ni za thamani, wala asizipoteze kwa aibu.

Je, atanyang'anywa? Sheria yasema mahakama "yaweza", haisemi "lazima". Hakimu aweza kuitaifisha leseni, au kuisimamisha kwa miezi isiyozidi 6, au kuiacha. Ruhusa ya kuendesha gari ni habari nyingine: hiyo kwa kawaida huondolewa kwa muda usiopungua miezi 12. Leseni ya pombe ikitaifishwa, hatapata nyingine mpaka ipite miaka 5. Ndiyo maana twasema aende na mwanasheria, na mwajiri wake ajue mapema. Baa ambayo msimamizi wake leseni yake imesimamishwa hairuhusiwi kuuza hata chupa moja, mpaka awekwe msimamizi mwingine mwenye leseni. Mwajiri akilijua hilo siku ile ile milango inapofungwa, hatakuwa na huruma.

Neno moja kwa wasomaji ambao watoto wao wanafikiria kazi hiyo ng'ambo. Hukumu iliyotolewa hapa kwetu haibaki hapa. Mwombaji huulizwa makosa ya nchi za nje pia, na polisi wa huko, wakiona yafanana na yale ya jedwali, wana siku 14 za kupinga. Hata hivyo hukumu iliyokwisha muda wake kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1974 haihesabiwi tena.

Basi mama, mwandikie mdogo wako usiku huu, ailete leseni pale anapoiweka na kuitia katika bahasha moja na karatasi ya mahakama.