Helikopta ya Petroli: Tupige Hesabu Kwanza



Leo tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wenu mtalicheka: helikopta ndogo za kuongozwa kwa rimoti, tena zile zenye injini ya petroli. Msicheke haraka. Kijana wetu mmoja wa Buyenzi, tuliyemsomesha tangu alifu, sasa anaishi Leicester, Uingereza, na anafanya kazi za zamu za usiku ghalani. Ameweka akiba ya pauni 1,500, na ametuletea orodha ya vitu anavyotaka kununua ili tumpe rai yetu. Akiba hiyo ni ya miezi 14, baada ya kulipa kodi ya nyumba na kumtumia mama yake matumizi ya kila mwezi. Fedha ya namna hiyo haifanyiwi mzaha.

Wazee wawili watatu tuliowaonyesha orodha walisema papo hapo kwamba ni israfu, fedha ya kutia motoni. Sisi hatukuafikiana nao. Kijana anayekesha kazini na kumtunza mama yake ana haki ya kuwa na burudani ya halali, na hii ni burudani inayomfunza mtu injini, hesabu na subira. Tuna vijana wanaomaliza fedha kama hiyo kwa simu na viatu, na hakuna anayewaita wabadhirifu. Tatizo letu lilikuwa orodha yenyewe.

Ameandika hivi: helikopta isiyounganishwa, pauni 700, injini na ekzosi yake, pauni 300, mota 5 ndogo zinazoitwa sevo, za kupindua mapanga, kuongoza mkia na kufungua kabureta, pauni 250, kisanduku cha jairo kinachoituliza helikopta hewani, pauni 120, mapanga, pauni 80. Jumla pauni 1,450. Zile 50 zilizobaki ameziandikia neno moja tu, "mengineyo".

Ndugu msomaji, humo ndani ya "mengineyo" ndimo ilimo helikopta yote. Rimoti haimo kwenye orodha, wala risiva yake. Chaja haimo, wala betri ya kuendesha hizo sevo, kwa maana injini ni ya petroli lakini usukani ni wa umeme. Bima haimo. Ada ya uwanja haimo. Na lililo kubwa kuliko yote, hakuna hata senti moja ya kuanguka. Nasi tunasema bila kusita: itaanguka. Helikopta si kama ndege yenye mabawa, ambayo ukiiachia mkono yaweza kuelea na kujinyoosha yenyewe. Anayeanza hujifunza kwanza kuituliza mahali pamoja, na hilo peke yake humchukua wiki nyingi, na katika wiki hizo ardhi haiko mbali.

Kuanguka mara moja, hata kwenye nyasi, huvunja mapanga yote mawili ya juu, hupinda shafti kuu na ile ndogo inayoshika mapanga, hukata bomba la mkia, na mara nyingi hung'oa meno ya gia kubwa. Kwa chombo cha ukubwa huu, pauni 150 hadi 250 kwa anguko moja si ajabu. Na vipuri vikiagizwa kutoka nje ya Uingereza, kodi ya asilimia 20 huvisubiri mlangoni. Mtu aliyebakiwa na pauni 50 akianguka siku ya kwanza, mchezo wake umekwisha, na mashine yake inakuwa pambo la kabatini. Hapo ndipo sisi tunaiona israfu yenyewe. Mtu amenunua kitu kizima kisha hakubakisha cha kukitengeneza.

Sasa tuje kwenye petroli, maana hapa kijana ana hoja nzuri na hatutaki kumdhulumu. Helikopta za injini ambazo si za petroli hutumia methanoli iliyochanganywa na nitromethani. Ni ghali, hunywewa upesi (nusu lita kwa dakika 8 hadi 10), na huko Uingereza nitromethani ikizidi kiwango fulani mnunuzi hutakiwa kibali cha serikali. Helikopta ya petroli hutumia injini ya ukoo mmoja na ile ya msumeno wa kukatia miti, ya sentimita za ujazo 23 hadi 29 hivi, na nusu lita humrusha mtu kama dakika 20. Akiruka saa 2 kwa wiki, atatumia lita 3, yaani pauni 4 au 5 na tone la oili. Mwenzake wa methanoli kwa saa hizo hizo hufika pauni 40 na zaidi. Wa umeme naye anahitaji seti kadhaa za betri kubwa, kwa sababu kila seti humpa dakika chache tu, kisha akae achaji.

Kwa hiyo petroli ina unafuu wa kweli. Lakini tuutazame unafuu huo unamfaa nani. Humfaa anayeruka saa nyingi. Anayejifunza kutulia dakika 5 Jumapili, kisha anatengeneza kwa wiki 3, hajaokoa kitu, maana mafuta si gharama yake. Gharama yake ni mapanga na shafti. Unafuu wa petroli ni malipo ya mwaka wa pili na wa tatu, na yeye ameuhesabu katika mwezi wa kwanza.

Tena injini hizi ni nzito na hutikisa. Kila skrubu ya chuma kwa chuma hutaka gundi yake maalumu, la sivyo hulegea ikiwa angani. Petroli huchanganywa na oili kwa kipimo cha mwenye injini; mmoja kwa 25, kwa mfano, ni mililita 40 kwa kila lita, na anayekisia kwa jicho huua injini. Tangu mwaka 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10, ambayo si rafiki wa mipira na mipira ya kabureta, basi ni heri anunue ile ya bei ya juu yenye ethanoli kidogo. Na petroli hiyo haiwekwi katika chumba anacholala na mke na mtoto mchanga. Hilo hatukumuuliza, tulimwambia.

Kuna na hatari ya mwili. Mapanga ya helikopta hii huenea mita moja na nusu na zaidi toka ncha hadi ncha. Kwa mizunguko 1,600 kwa dakika, ncha hupita kwa mwendo unaozidi kilomita 450 kwa saa, na chombo chote kina kilo 5 hivi. Mwaka 2013 kijana wa miaka 19, mzoefu wa mchezo huu, alifariki katika bustani moja ya Brooklyn, New York, alipopigwa na helikopta yake mwenyewe. Haikuwa ya petroli, lakini panga haliulizi mafuta. Ndiyo maana hatukubali aanze peke yake katika uwanja wa mtaa wenye watoto. Sheria ya Uingereza nayo, tangu mwishoni mwa 2019, inamtaka mwenye chombo cha uzito huu ajisajili na aonyeshe kuwa amefuzu. Bahati yake, chama cha warushaji wa ndege ndogo, BMFA, ambacho asili yake ni mwaka 1922, kina makao yake huko huko Leicester. Mwanachama hupata bima ya kumlipa atakayeumizwa, na huko vilabuni hukaa wazee wenye subira wanaopenda kufundisha.

Basi tukampangia upya pauni zake zile zile. Rimoti nzuri yenye risiva, pamoja na programu ya kompyuta ya kujifunzia kuruka, 200. Rimoti hiyo hiyo ataitumia miaka mingi. Helikopta ndogo ya umeme, iliyokwisha tumika, 250. Betri na chaja, 100. Chama, bima, usajili na ada ya klabu, tumeweka 100. Fungu la kuanguka, 200, na hili lisiguswe kwa kununua kitu kipya hata kiwe kinang'aa vipi. Jumla 850. Zinabaki 650 za helikopta ya petroli, na hizo zikae mpaka awe anatulia hewani pua ikimwelekea yeye, siyo mkia tu. Wanaojua wanajua ugumu wa hapo.

Amejibu kwa heshima, "Sawa maalim," lakini tunamjua, moyo wake uko kwenye petroli. Akaongeza kwamba kuna mzee wa klabu anayeuza helikopta yake ya petroli kwa pauni 500, injini ikiwemo na sevo zote. Tumemwambia bei si mbaya, ila asitoe fedha kabla hajaiona ikiwashwa ingali baridi na kuruka tanki zima mbele ya macho yake, kabla hajazungusha shafti kuu kwa mkono kuona kama inayumba, na kabla hajathibitisha kwamba gia na shafti za mfano huo bado zinauzwa. Helikopta nyingi za petroli zilizotengenezwa miaka 15 iliyopita viwanda vyake vimeacha kutoa vipuri, na hiyo ndiyo sababu moja zinauzwa rahisi. Mzee amekubali kuiwasha Jumamosi.