Fundi amemaliza, wewe bado: pima mafuta ya motere



Mwezi huu tuzungumze juu ya pikipiki. Katika miji yetu, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na mpaka vijijini, pikipiki si kitu cha matembezi tena. Ni shamba la nyumba. Kijana wewa anatoka asubuhi mapema. Jioni sharti alete franga za mwenye pikipiki, ndipo kinachobaki kinunue unga na kulipa minervali ya wadogo wake. Motere ikikufa, jamaa nzima inalala njaa. Na mara nyingine inakufa siku chache tu kisha vidanji, wakati kila mtu anashangaa: "Lakini si tumetoka kuitengeneza?"

Mimi mwenyewe nilipata fundisho. Siku moja nilifanya vidanji nyumbani, pikipiki ikiegemea bekiya ya kando. Mafuta ya zamani yakatoka, nikaona yamekwisha, nikafunga buloni. Nikachukua chupa ya litri 1, nikatia yote. Mtoto wangu akauliza: "Papa, hautapima?" Nikamjibu: "Motere inaomba litri moja, chupa ni litri moja. Tupime nini tena?"

Kesho yake nikashika njia ya Kambove. Mbele ya kufika, motere ikawa nzito, moshi wa buluu ukatoka nyuma, mafuta yakanichafua suruali. Nilipofungua sanduku la filtiri ya hewa, nikakuta mafuta ndani. Kosa halikuwa la chupa. Lilikuwa la mdomo wangu uliokataa swali la mtoto. Pikipiki iliyoinama haitoi mafuta yote. Mengine yalibaki ndani, nami nikaongeza chupa nzima juu yake.

Mama mmoja aliposikia habari hii akaniambia: "Lakini Pasta, mafuta mingi si njo nguvu mingi?" Hapana, mama. Ndani ya motere kuna chuma kikubwa kinachozunguka mbio sana. Mafuta yakipanda mno, chuma kile kinayapiga kama wewe unavyopiga mayai, nayo yanafanya povu. Povu limejaa hewa, na hewa haiwezi kulainisha chuma. Tena ndani kunakuwa na msukumo mwingi, mafuta yanatafuta mlango: yanapanda kwenye filtiri ya hewa, ao yanatokea kwenye viungo vya motere.

Na yakipunguka? Ni hatari kubwa zaidi. Pombi inavuta hewa, kule juu kwenye supapi kunakauka, pistoni inachomeka na kushika. Katika pikipiki nyingi zetu za 4 tan, mafuta yale yale yanatumikia motere, vitesi na ambrayaji. Mtumishi mmoja, kazi tatu. Ndiyo maana tusimchezee.

Sasa tupime namna gani?

1. Weka pikipiki mahali palipo sawa, isimame wima juu ya bekiya ya katikati. Kama haina, rafiki aishike wima. Ikiinama kidogo tu, kipimio kitakudanganya.

2. Washa motere dakika 3 hadi 5, kisha zima, ungoje dakika 2 ao 3. Mafuta mapya yanaenea kwanza ndani, halafu yanashuka chini. Ukipima mbele ya kuwasha, utaona mengi kuliko yaliyopo kweli.

3. Fungua kipimio, kile kijiti wafundi wanachokiita joji. Kipanguse kwa kitambaa safi, kirudishe, kitoe tena, usome. Kwa pikipiki nyingi unakiweka tu bila kukizungusha. Kwa zingine unakifunga kabisa. Kitabu cha pikipiki kinasema. Kama motere ina kidirisha cha kioo, chuchumaa uangalie.

4. Mafuta yawe katikati ya alama mbili, karibu na ile ya juu, lakini yasiipite.

Ukikuta machache, ongeza kidogo kidogo, kifuniko kimoja ao viwili, ngoja, pima tena. Usitie mafuta yoyote tu ya gari: mengine yanafanya ambrayaji iteleze. Tafuta kwenye chupa maandishi JASO MA. Ni alama ya mafuta ya pikipiki ya 4 tan yenye ambrayaji ndani ya mafuta.

Ukikuta mengi, usiseme "itapunguka yenyewe njiani". Ndivyo nilivyosema mimi. Twaa seringe kubwa na mpira mwembamba, vyote safi, uyavute kwa tundu la kutilia. Kama hauna, legeza buloni ya chini pole pole, motere ikiwa vuguvugu, si ya kuunguza, yatoke kidogo, ufunge. Usikaze kwa hasira: nyuzi za aluminiamu zinakatika upesi. Kisha pima tena.

Kesho yake asubuhi angalia chini ya pikipiki kama kuna tone, na upime mara ya mwisho. Ukiona mafuta yamepanda yenyewe na yananuka esanse, ao yamekuwa meupe kama maziwa, usipunguze tu na kuendelea. Esanse ao maji yameingia. Tafuta mlango wake kwanza, kisha fanya vidanji upya.

Na mafuta ya zamani? Sisi watu wa inchi ya migodi tunajua mto uliochafuka unafanana namna gani. Yaweke ndani ya bidoni yenye kifuniko, usiyamwage kwenye mfereji. Nawa mikono kwa sabuni, si kwa esanse, maana mafuta yaliyotumika yana sumu na yanadhuru ngozi.

Kijana mmoja aliniuliza: "Pasta, nikipima mbele ya fundi, hatakasirika? Atasema simuamini." Mwanangu, fundi mzuri atakupa kitambaa yeye mwenyewe. Naye ana wateja wengi, jua linawaka, simu inalia. Anaweza kusahau kama mtu yeyote. Mwambie kwa heshima: "Baba fundi, tuangalie pamoja mbele nilipe." Hapo haumtukani. Unamlinda yeye na jina lake, unalinda na chakula cha wadogo wako. Ni kazi ya dakika 10; motere mpya ni kazi ya miezi.

Kazi yetu ya mwezi huu: Jumamosi, baba, ita watoto wote uani, wavulana na wasichana. Kila mmoja atoe kipimio, asome, aseme alichoona. Usiwajibu mbele hawajamaliza kuangalia.

Kwangu, mtoto yule ndiye anayepima sasa. Mimi ninashika kitambaa.

Tutaonana mwezi ujao.