Filta ya Oili Haingoji Zamu ya Pili

Mwandishi wa makala ya wiki iliyopita anatushauri tubadili filta ya oili kila tunapomwaga oili mara ya pili, na ile ya hewa tuipulize kwa kompresa mpaka ichakae yenyewe. Ushauri huo unaua injini.

Filta nyingi za oili zina vali ndogo ndani. Karatasi ikiziba, vali hufunguka na kupitisha oili bila kuchujwa, maana injini ikikosa oili kabisa hufa upesi. Kwa hiyo taa ya oili haiwaki, dereva anatulia, huku uchafu ukisaga beringi. Kwa nini ununue oili mpya, kisha uichanganye na masalia machafu yaliyomo kwenye filta kuukuu?

Kuhusu hewa, nakubaliana naye kwa jambo moja. Kwa magari ya kisasa ya petroli, filta chafu haiongezi sana ulaji wa mafuta. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima hilo mwaka 2009. Lakini kazi ya filta ni kuzuia vumbi! Upepo mkali wa kompresa huchana karatasi, na tundu usiloliona linatosha kupitisha mchanga unaokwangua silinda na ringi. Baadaye gari linakula oili na kutoa moshi wa buluu.

Vitabu vya watengenezaji huwa na ratiba mbili, ya kawaida na ya mazingira magumu. Anayeendesha kwenye vumbi la Dodoma au Turkana afuate ya pili. Mimi nasema kilomita 5,000 kwa oili pamoja na filta yake. Ya hewa ikaguliwe siku hiyohiyo, na ikijaa vumbi inunuliwe mpya.